Likizo ya Mombasa: Tarehe Kwanza, Hoteli Baadaye

Kila mwaka Septemba inapokaribia kuisha, mazungumzo ya likizo huanza kwenye makundi ya WhatsApp ya familia za Nairobi, Nakuru, Arusha na hata Kampala, na swali la kwanza karibu daima ni lile lile: safari hii tunalala hoteli gani? Picha za mabwawa ya kuogelea hutumwa, bei za vyumba hulinganishwa, mjomba mmoja hukumbuka kwamba mahali fulani chakula cha asubuhi kilikuwa cha aibu, na baada ya ubishi mrefu mtu hutuma malipo ya kwanza kwa simu. Tarehe haijadiliwi. Inajulikana kuwa ni wiki ya mwisho ya Desemba, kana kwamba bahari nayo hufungwa na kufunguliwa pamoja na ofisi. Hoja yangu ni kwamba upangaji wa namna hii umeanzia mkiani. Hoteli za Mombasa zinafanana kuliko zinavyokubali katika matangazo yao; siku za Mombasa ndizo zisizofanana. Anayechagua siku vizuri atafurahi hata katika chumba cha wastani, na anayezichagua vibaya hataokolewa na nyota tano za mlangoni.

Tuanze na upepo, maana ndio wenye mji. Kaskazi huvuma kutoka Desemba hivi hadi Machi, kusi hushika kuanzia Aprili au Mei hadi Septemba, na katikati, Oktoba na Novemba, kuna majuma ya matlai ambapo upepo haujaamua uende wapi. Majahazi ya Uarabuni na Bara Hindi yalipangiwa safari na pepo hizi kwa karne nyingi, yakija na moja na kurudi na nyingine, na mgeni wa leo anayeshuka uwanja wa ndege wa Moi bado yuko chini ya amri hiyo hiyo, ila hajaambiwa. Wakati wa kaskazi bahari ya ndani ya miamba hutulia, na maji huwa maangavu kiasi cha kuona samaki bila taabu katika hifadhi ya bahari ya Mombasa, iliyotengwa mwaka 1986. Kusi inaposhika, mawimbi hupanda, maji huchafuka kwa mchanga, na mwani huja kulala ufukweni kwa marundo ambayo wafanyakazi wa hoteli huyazoa alfajiri na kuyakuta tena siku ya pili. Mvua nayo ina ratiba yake: masika kuanzia Machi hadi Mei, Mei ikiwa ndiyo nzito kuliko zote, na vuli Oktoba na Novemba, ambayo kwa kawaida ni nyepesi na hunyesha kwa vipindi. Januari na Februari ndiyo miezi mikavu. Joto la mchana hupanda hadi nyuzi 32 au 33 mwezi Februari na Machi, na Julai na Agosti hushuka hadi 27 au 28, tofauti ambayo mtu wa bara huipuuza hadi atakapojaribu kupanda vichochoro vya Mji wa Kale saa saba mchana.

Ukiyaweka hayo pamoja, utaona kwamba bahari ya Mombasa iko katika hali yake bora Januari, Februari na siku za mwanzo za Machi, miezi ambayo Wakenya wengi wako kazini na watoto wako darasani. Kwa asiye na watoto wa shule, kwa maharusi na kwa wastaafu, hapo hakuna la kujadili. Kikwazo pekee cha kufikiriwa ni kwamba miaka hii Ramadhani inaangukia Februari: mwaka 2026 ilianza katikati ya mwezi huo, na mwaka 2027 itaanza mapema zaidi. Hoteli za ufukweni huendelea kupika kama kawaida, lakini mjini migahawa mingi hufungwa mchana. Hiyo si sababu ya kuahirisha safari. Ni sababu ya kulala mchana na kutoka baada ya magharibi, wakati mitaa ya Mji wa Kale inapofunguka kwa vyakula ambavyo havionekani hivyo katika miezi mingine.

Sasa, kwa nini basi bei za vyumba huruka katika wiki ya mwisho ya Desemba na si katikati ya Februari? Jibu liko katika historia ya hoteli zenyewe. Ukanda wa Nyali, Bamburi na Shanzu ulijazwa hoteli katika miongo ya kwanza baada ya uhuru, na mteja aliyekusudiwa alikuwa Mzungu anayekimbia baridi ya kwao kwa ndege ya kukodi, akiwa amelipia kila kitu kwa pamoja, chumba, chakula na usafiri. Kalenda ya bei ilichorwa kwa ajili yake: juu kabisa Krismasi na mwaka mpya, juu kiasi hadi Machi, chini Aprili hadi Juni. Kisha mteja huyo akaanza kuyumba. Ghasia za Likoni mwaka 1997, shambulio la Kikambala mwaka 2002, maonyo ya usafiri ya mwaka 2014 na hatimaye kufungwa kwa mipaka mwaka 2020 kulizifundisha hoteli kumtafuta mteja wa ndani. Mteja wa ndani akaja, na kwa kweli ndiye aliyeziweka nyingi hai, lakini alirithi kalenda ya mtu mwingine. Yeye hakimbii theluji. Anachokimbia ni kazi, foleni ya barabarani na kelele za mtaa, na hivyo vinaweza kukimbiwa mwezi wowote.

Hapa mzazi ataniuliza kama nimesahau shule. La, nimezihesabu. Kwa kalenda ya shule za Kenya ya miaka ya karibuni, muhula wa tatu huisha mwishoni mwa Oktoba na muhula wa kwanza huanza siku za mwanzo za Januari. Hizo ni karibu wiki kumi ambazo watoto wako nyumbani, na bado taifa zima hujibana katika siku kumi na nne za mwisho. Mwenye mtahiniwa wa kidato cha nne ana udhuru kwa sababu mitihani huendelea Novemba. Wengine wote hawana. Wiki mbili za kwanza za Desemba ndizo ninazoziona kuwa siri iliyo wazi ya pwani: vuli inayoyoma, kaskazi inaanza kutulia kwenye zamu yake, watoto wako huru na hoteli bado hazijapandisha bei za sikukuu. Kinachowazuia watu ni ofisi, si shule. Mashirika mengi hufunga karibu na tarehe 20, na mfanyakazi huona haya kuomba ruhusa majuma mawili kabla ya wenzake. Lakini siku za likizo ni zile zile kwa hesabu. Tofauti ni kuziomba Agosti badala ya kuzingoja zigawiwe Desemba.

Agosti yenyewe imepakwa matope kuliko inavyostahili. Ni kweli kwamba kusi inavuma na mwani upo, na anayetafuta maji ya kioo atarudi akinung'unika. Lakini mvua kubwa imekwisha, jua halichomi, na ni msimu ambao nyangumi wenye nundu hupita pwani ya Kenya, kuanzia Julai hadi Septemba, wakionekana kutoka mashua za Watamu na Diani. Zaidi ya yote, Agosti ndiyo mwezi wa kuutembea mji wenyewe kwa miguu. Ningesema hivi: Februari ni ya bahari, Agosti ni ya mji, na kosa ni kwenda Agosti na mpango wa Februari, ukakaa siku tano ukiukodolea macho mwani kama mtu aliyedhulumiwa.

Jambo la pili lisiloandikwa kwenye tangazo lolote la hoteli ni maji kujaa na kupwa. Mtu wa bara hudhani bahari ni ziwa kubwa lenye chumvi: ukifika ipo, ukirudi kesho ipo pale pale. Mombasa, siku za bamvua, tofauti kati ya maji makuu na kupwa inaweza kukaribia mita 4. Siku za maji mafu hushuka hadi mita moja hivi. Bamvua hufuata mwezi mwandamo na mwezi mpevu, na katika pwani hii ina tabia inayotabirika: maji hujaa karibu na saa kumi, alfajiri na jioni, na kupwa karibu na saa nne, asubuhi na usiku. Kila siku nyakati hizo husogea mbele kwa dakika hamsini hivi, hata ikifika wiki ya maji mafu mambo yamegeuka, yaani maji hujaa saa nne na kupwa saa kumi. Sasa mfikirie mgeni aliyefika Bamburi Ijumaa usiku, siku moja baada ya mwezi mpevu. Jumamosi anakula kifungua kinywa, anawapaka watoto mafuta, na saa nne na nusu anashuka ufukweni na taulo begani. Bahari imeondoka. Mbele yake ni uwanja wa mchanga wenye mawimbi madogo yaliyoganda, vidimbwi vya maji ya uvuguvugu, majani ya bahari yaliyolala, na mbali kule mstari mweupe wa miamba ambako maji halisi yanavunjikia. Vijana wa ufukweni wanamfuata kumpeleka kwa miguu hadi mwambani. Watoto wanashikishwa kiti cha pweza kilichotolewa majini kwa ajili ya picha, kitu ambacho kiumbe yule hakivumilii kwa muda mrefu, na mwenye bahati mbaya anakanyaga wale viumbe wa miiba myeusi. Jioni, maji yanaporudi hadi ukutani, familia imeshaoga na iko bwawani.

Hakuna aliyemdanganya mtu huyo. Angefungua jedwali la maji, ambalo siku hizi hupatikana bure kwenye simu, au angeangalia tu tarehe ya mwezi wa Kiislamu kama wavuvi wanavyofanya, angejua kwamba siku za bamvua asubuhi ni za Ngome ya Yesu na soko la Marikiti, na bahari ni ya kuanzia alasiri. Siku za maji mafu angefanya kinyume, aogelee asubuhi, na hata maji yakipwa jioni yasingekwenda mbali. Katika likizo ya siku saba au nane utaonja karibu mzunguko wote, kwa hiyo hili si suala la kuhamisha safari. Ni suala la kupanga asubuhi na jioni. Ila kwa anayekwenda siku mbili tu za mwisho wa juma na lengo lake ni kuogelea na watoto, kuchagua kati ya juma la bamvua na juma la maji mafu kuna uzito kuliko kuchagua kati ya hoteli mbili.

Tatu ni kuvuka. Mombasa ni kisiwa, na hilo husahaulika kwa kuwa barabara ya kutoka Nairobi huingia mjini kupitia Makupa bila mtu kuhisi kwamba ameiacha bara. Lakini kila mpango hukwama au kufunguka kwenye vivuko. Treni ya reli ya kisasa, inayosafirisha abiria tangu mwaka 2017, haifiki kisiwani. Huishia Miritini, na ile ya alasiri hufika giza limeshaingia. Anayelala Bamburi au Shanzu lazima aingie kisiwani, akivuke, kisha atoke kwa daraja la Nyali na kuingia kwenye foleni ya barabara ya kaskazini, ambayo Desemba haina huruma. Kwa miaka mingi aliyelala Diani ndiye aliyeonewa huruma, kwa sababu alikuwa na kivuko cha Likoni mbele yake, na feri inayovuka kwa dakika chache ungeweza kuingoja kwa saa nzima. Hali imegeuka. Barabara ya Dongo Kundu, iliyokamilika mwaka 2024, hutoka upande wa Miritini na kupita juu ya maji kwa madaraja, la Mteza pekee likiwa na urefu wa zaidi ya kilomita moja, hadi Kwale bila kugusa kisiwa. Siku hizi si ajabu abiria wa Diani akafika na kuagiza chakula ilhali aliyeshuka naye treni moja bado yuko Nyali akihesabu taa za breki. Wasomaji wa Tanga na Dar es Salaam wanaoingilia Horohoro na Lunga Lunga nao wananufaika kwa namna nyingine: wanakutana na Diani na Tiwi kabla ya kuuona mji, na hawana haja ya feri isipokuwa wakitaka kuingia kisiwani.

Kutokana na hayo, ningegawanya malazi. Usiku mmoja au miwili kisiwani au Nyali, na siku zinazobaki ufukweni, badala ya kuilazimisha familia ivuke kila siku au, kibaya zaidi, isivuke kabisa. Maana hiyo ndiyo hasara kubwa ya likizo inayoanzia hotelini: watu hurudi Nairobi wakisema walikuwa Mombasa, na Mombasa hawakuiona. Ngome ya Yesu ilianza kujengwa na Wareno mwaka 1593, ikazingirwa na Waomani kuanzia 1696 hadi 1698, na tangu 2011 imo katika orodha ya urithi wa dunia. Ndani yake kuna vitu vilivyoopolewa kutoka Santo Antonio de Tanná, jahazi la kivita la Kireno lililozama mbele ya ngome wakati wa mzingiro huo. Hatua chache kutoka hapo kuna msikiti wa Mandhry, wa karne ya 16, na milango ya nakshi ambayo mwenyewe bado anaifungua na kuifunga kwenda kununua mkate. Jioni, Mama Ngina, bustani ya kando ya mlango wa bandari iliyofanyiwa ukarabati mwaka 2019, hujaa wenyeji wanaokula mihogo ya kukaanga iliyonyunyiziwa pilipili na ndimu, meli za makasha zikipita karibu kiasi cha kusoma majina yao. Viazi karai vya barabarani, vilivyochovywa kwenye unga wa rangi ya manjano na kuliwa na ukwaju, havigharimu hata robo ya soda ya hotelini. Aliyelipia chakula chote kwa pamoja huona hasara kula nje, na hivyo bei aliyoiona kuwa nafuu humfungia ndani.

Wapo watakaonijibu kwamba watu wengi hawaendi Mombasa kwa ajili ya bahari wala ngome. Wanaenda kukaa pamoja kando ya bwawa, na bwawa halipwi. Sawa. Lakini kwa anayetaka bwawa na nyama ya kuchoma, Naivasha iko saa mbili kutoka Nairobi, na hakuna sababu ya kusafiri karibu kilomita 480 kwenda kuogelea kwenye maji yenye klorini huku mawimbi yakisikika upande wa pili wa ukuta. Hoja nzito zaidi ni ile ya sikukuu: Desemba ya mwisho ndiyo wakati pekee ndugu wa Kisumu, Eldoret na ughaibuni wanaweza kukutana, na anayewakusanya hawezi kuwaambia waje Februari. Hilo nalikubali lote. Kwao kalenda ya upepo si chaguo, na bahati nzuri kaskazi imeshaingia, kwa hiyo bahari haitawaangusha; kitakachowaangusha ni bei na foleni, na ndiyo maana maji na vivuko vina maana zaidi kwao kuliko kwa mtu mwingine yeyote.

Kuna pia wanaosema misimu haiaminiki tena, na wana ushahidi. Vuli ya 2023, chini ya El Niño, ilileta mafuriko pwani mwezi Novemba, na ya 1997 ilikuwa hivyo hivyo. Lakini kalenda ya pepo haikuwahi kuwa kiapo. Ni uwezekano, na uwezekano wa Februari kuwa kavu bado ni mkubwa mno kuliko wa Mei. Idara ya hali ya hewa hutoa utabiri wa vuli kabla msimu haujaanza. Mwaka ambao itatangaza El Niño, anayepanga Novemba asogee mbele, basi. Kusoma utabiri ni kazi ya dakika kumi, pungufu ya muda unaotumika kubishania kifungua kinywa.

Mwisho kuna hoja ya wenyeji: mkisambaa mwaka mzima, mwenye tuk-tuk, muuza madafu na mwenye nyumba za kukodi watakosa mavuno ya Desemba. Mimi naona kinyume chake. Ni msongamano wa wiki mbili unaofanya wahudumu waajiriwe kwa mkataba wa muda na kurudishwa nyumbani Aprili, hoteli nyingine zikifunga kabisa kwa ukarabati. Mji unaopokea wageni wachache kila mwezi huajiri watu. Mji unaovamiwa mara moja kwa mwaka huajiri vibarua.

Na kwa yule ambaye hana budi kwenda wiki ya Krismasi, neno moja la vitendo. Asilipie chumba kabla hajapata kiti. Nauli ya daraja la kawaida la treni, iliyoanza kwa shilingi 700 mwaka 2017, ilipandishwa hadi 1,500 mwaka 2024, na hata hivyo tiketi za siku za sikukuu huisha mapema sana baada ya kufunguliwa, kwenda na kurudi. Vyumba Mombasa hupatikana hadi siku ya mwisho, kwa bei moja au nyingine. Viti havipatikani.